Safari ya Bowling Green

Barabara kuu itokayo Louisville kwenda Nashville hupita katikati ya jimbo la Kentucky juu ya nchi ya mawe ya chokaa, na msafiri aipitaye kwa mara ya kwanza, akiyatazama malisho ya kijani yanayopanda na kushuka taratibu, mazizi ya farasi na ghala za tumbaku zilizosimama mbalimbali, hawezi kudhani kwamba ardhi imchukuayo ina uvungu chini yake. Maji ya mvua, kwa dahari zisizohesabika, yameyayeyusha mawe yale kidogo kidogo na kufanya mapango, likiwamo pango la Mammoth ambalo halina mfano kwa urefu duniani, kwa kuwa njia zake zilizokwisha kupimwa zimezidi kilomita 600. Saa nazo hubadilika katika njia hii, na mtu atokaye Louisville hurudisha nyuma mshale wa saa yake kwa saa nzima kabla hajafika Bowling Green. Nilikuwa nimekwenda Kentucky kumzuru mpwa wangu aliyehamia huko. Lakini azma iliyonitoa nyumbani kwake asubuhi ile, nikasafiri karibu kilomita 180 kuelekea kusini, ilikuwa ni kuona gari.

Gari hilo ni Corvette ya kampuni ya Chevrolet, ambayo tangu 1981 huundwa katika mji huu wa Bowling Green peke yake. Asili yake si hapa. Harley Earl, mkuu wa wabunifu wa sura za magari katika General Motors, alilidhihirisha kwa watu mjini New York mwanzoni mwa 1953, na mwezi Juni mwaka uo huo la kwanza likatoka kiwandani Flint, jimbo la Michigan. Yaliundwa 300 mwaka ule, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani, na bodi zake hazikuwa za bati bali za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Kisha kazi ikahamishiwa St. Louis, jimbo la Missouri, ikadumu huko mpaka ilipohamia Kentucky. Gari la awali lilikuwa zuri kwa sura lakini dhaifu kwa nguvu, na mwaka 1955, yalipoundwa 700 tu, lilikaribia kufutwa katika orodha ya kampuni. Miongoni mwa walionusuru jina lake alikuwa Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Kirusi, aliyeitumia sehemu kubwa ya umri wake kulifanya gari hili liweze kwenda na kusimama kama sura yake ilivyoahidi. Alifariki 1996, na majivu ya mwili wake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Corvette, mkabala na barabara ile niliyokuja nayo.

Jumba hilo lilifunguliwa 1994, nalo huonekana kwa mbali kwa ukumbi wake wa rangi ya manjano wenye umbo la koni, uliochomozwa na mnara mwekundu. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014, kabla wageni hawajaanza kuingia, sakafu ya ukumbi ule ilititia, likafunguka shimo lenye upana wa mita 12 hivi, na magari manane yaliyokuwa yamesimama juu yake yakatumbukia pamoja na zege na udongo. Hapana mtu aliyeumia. Leo sakafu imefanywa upya na shimo limejazwa, lakini mzunguko wake umechorwa chini ili mgeni apate kujua hasa mahali anaposimama. Nami niliufuata mchoro ule kwa miguu yangu polepole, na sikuona ajabu kwamba wazazi walikuwa wakiwashika mikono watoto wao walipokuwa wakiuvuka.

Katika manane yale, moja lilikuwa Corvette ya milioni moja, jeupe, lililoundwa 1992; jingine lilikuwa jeusi la 1962; na jingine lilikuwa la buluu, la aina ya ZR1 ya mwaka 2009, ambalo lilipovutwa juu kwa kreni mwezi Machi liliwaka, likatembea kwa nguvu zake lenyewe. Hatimaye yakatengenezwa haya matatu, na matano mengine yakaachwa kama yalivyotoka shimoni, nayo yamewekwa mbele ya wageni pamoja na udongo wake, vioo vyake vilivyosagika na bodi zake zilizopasuka. Nilisimama muda mrefu mbele ya moja la 2001, ambalo lilikuwa la mwisho kuopolewa, na halina tena umbo la kitu kilichowahi kwenda. Wapo wageni waliokuwa wakisikitika na kusema kwamba kampuni tajiri namna ile isingeshindwa kuyatengeneza yote. Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa wa haki. Gari lililopondeka kiasi kile likitengenezwa, kila kitu chake hutupwa na kila kitu kipya hutiwa, na mwisho wa kazi huwapo gari jipya lililopewa jina la marehemu. Ustadi ungekuwapo, fedha zingekuwapo, lakini ukweli ungetoweka.

Kwa upande wa pili, tazama lilivyotengenezwa lile jeupe la milioni moja. Wafanyakazi walioliunda 1992 walikuwa wametia saini zao kwenye sehemu zake mahali ambapo hapaonekani gari likiwa zima. Mafundi wa General Motors mjini Warren, Michigan, walipolifungua mwaka 2015, walikuta saini zile zimejaa kotekote, wakachagua njia iliyo ngumu: badala ya kutupa kila kilichopinda, walikiokoa kila kipande chenye saini kilichowezekana kuokolewa, na pale ambapo kipande hakikufaa tena kwa matumizi, saini zilinakiliwa zikatiwa juu ya kipande kipya. Saini hizo zilipokwisha kuhifadhiwa zilifunikwa tena kwa mapambo na mazulia ya gari, pasipoonekana na mtu. Mimi niliona kazi ile kuwa adhimu kuliko ung'aavu wote wa rangi uliokuwa ndani ya jumba.

Jambo lisilojulikana sana kwetu pwani ni kwamba mji huu wa Bowling Green umekuwa kwa miaka mingi maskani ya wakimbizi: Wabosnia waliokuja baada ya vita vyao vya miaka ya 1990, kisha watu wa Burma, na Wakongo kwa wingi, hata Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zisikikazo madukani na katika skuli zake. Mwenyeji wangu, jamaa wa mpwa wangu, alinipeleka kwa fundi mmoja mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye alijifunza kazi utotoni kwa kufungua na kufunga Land Rover na malori, akapitia maisha ya kambini, na sasa hufanya kazi katika gereji ndogo ya nje ya mji ambayo haigusi gari lolote ila la zamani. Alinikaribisha kwa heshima ya watu wa kwao, akanipa kiti, nami nikamwomba asiniweke kitini bali aniache nisimame kando yake atazame kazi yake kama kwamba sipo.

Juu ya jeki palikuwa na Corvette ya 1965, ya ule mtindo uitwao Sting Ray, rangi ya fedha iliyofifia. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyelinunua karibuni, na aliloagiza ni rangi mpya tu. Faibaglasi haishiki kutu. Hilo ndilo neno ambalo wauzaji wa magari haya hulitanguliza, nalo ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Kwa maana ngozi ile imevikwa juu ya fremu ya chuma, na kukizunguka chumba cha abiria, tangu nguzo za kioo cha mbele mpaka kwenye bawaba za milango na nyuma ya viti, umo mfupa mwingine wa chuma ambao hauonekani ila kwa kufunua. Mpira wa kioo ukichakaa, maji huteremka ndani ya nguzo, hukutana na majani makavu na vumbi la miaka hamsini chini yake, na unyevu ule hukaa hapo kiangazi na masika. Fundi alikifungua kibao cha pembeni, hapo miguu ya abiria inapokaa, akaingiza tochi na kioo kidogo chenye mpini, akaniita nichungulie. Kisha akakwaruza kwa ncha ya bisibisi, na vipande vya kutu, vyembamba kama maganda ya vitunguu, vikadondoka juu ya gazeti alilokuwa amelitandika.

"Mzee wangu," aliniambia, "apa njo inaanzaga kuoza. Inje yote muzuri, lakini mu ndani chuma imekwisha."

Nikakumbuka ukumbi wa manjano na sakafu yake, kwani maji yaliyofanya kazi ile chini ya jumba na maji yaliyofanya kazi hii ndani ya nguzo ni maji yale yale, na tofauti yake ni muda tu.

Mahali pa pili alipopatazama ni fremu yenyewe, pale inapopanda juu kupisha ekseli ya nyuma, kwa kuwa magurudumu hurusha matope mle na hayapati njia ya kutoka. Alipagonga kwa nyundo ndogo toka mbele kwenda nyuma, sikio lake karibu na chuma, akisikiliza mlio. Na hapa, kwa bahati ya mwenye gari, mlio ulikuwa mmoja mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo akageukia magurudumu ya nyuma, ambayo katika mtindo huu, tangu 1963, kila moja hupanda na kushuka peke yake, na yote mawili hubebwa na springi moja iliyolazwa kukingama, yenye majani tisa yaliyopandana. Beringi za magurudumu hayo zimefungiwa ndani ya mikono ya chuma, wala haziwezi kutiwa grisi ipasavyo pasipo kuing'oa shafti kwa mashine ya kusukumia. Basi wengi hawazigusi, na hujua zimekufa siku gurudumu linapolegea. Fundi alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, akatikisa kichwa chake vile vile.

Lakini somo lililonikaa zaidi ni la breki. Mwaka 1965 ndio wa kwanza Corvette kupewa breki za diski kwa magurudumu yote manne, na kwa wakati wake zilikuwa breki za kuaminika sana, kila kalipa ina pistoni nne zinazoubana mduara wa chuma kwa pande mbili. Kasoro yake haikujulikana kwa gari lililokuwa likitembea kila siku. Mafuta ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, na gari linapohifadhiwa ghalani kwa miaka kwa sababu ni la thamani, unyevu ule hula kuta za chuma ambamo pistoni hupita, zikafanya vishimo vidogo. Ndipo mipira ya kuzuia mafuta inapopita juu ya vishimo hivyo ikapoteza mshiko wake, mafuta yakavuja nje na hewa ikaingia ndani, na dereva aliyekanyaga breki jana ikawa ngumu huikanyaga leo ikashuka hadi chini. Fundi alinipa kalipa iliyofunguliwa, akaniambia nipitishe kidole ndani. Kwa macho palionekana pasafi. Kwa kidole nilihisi mikwaruzo. Dawa yake ni kuzitanua kuta zile kwa mashine na kuzivika kikopo cha chuma kisichoshika kutu, kilichobanwa kwa kipimo, na kuanzia hapo ugonjwa huo haurudi. Kalipa hazionekani mpaka gurudumu litolewe, na kazi hii haimpi mwenye gari sifa yoyote mbele ya majirani zake, ilhali ndiyo imrudishayo nyumbani salama.

Ajabu za faibaglasi haziishi kwenye kutu. Bodi ya bati huchukua umeme, na kwa hiyo katika magari ya kawaida taa hupata waya mmoja tu, na bodi yenyewe hukamilisha njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faibaglasi haichukui umeme, hivyo kila taa ya Corvette lazima ipewe waya wake wa ethi mpaka kwenye chuma, na nusu ya magonjwa ya umeme yanayoletwa pale gerejini, alisema fundi, hayako katika taa, wala swichi, wala betri, bali katika ncha ya waya iliyoota kutu pale ilipofungwa. Fauka ya hayo, bodi ya bati huizuia ile kelele ya cheche za plagi isiingie katika redio, lakini faibaglasi huipitisha. Ndiyo maana magari haya yenye redio yalitoka kiwandani na vifuniko vya chuma kinachong'aa juu ya distributa na nyaya za plagi. Wageni hudhani vimewekwa kwa urembo. Mafundi wavivu huvitupa, kwa kuwa huzuia mkono kufika kwenye plagi, na ukimwona mtu ameviokota, akavisafisha na kuvirudisha mahali pake, basi mtu huyo unaweza kumwachia gari lako.

Injini ilikuwa ya inchi za ujazo 327, karibu lita 5.4, yenye silinda nane. Fundi aliiwasha, akaiacha ipate moto, akakifunua kidirisha kidogo cha bati ubavuni mwa distributa, akaingiza kifunguo cha pembe sita, naye akawa anarekebisha pointi huku injini inanguruma. Alikaza mpaka injini ikaanza kujikwaa, kisha akarudisha nyuma nusu duru, ikatulia. Hapo ndipo akaleta kipimo chake, na kipimo kikamtii, nyuzi 30. Sikuwahi kuona kazi nyeti kiasi hicho ikifanywa kwa masikio kwanza na kwa chombo baadaye. Juu ya mafuta ya injini alinipa onyo moja, kwamba mafuta mengi ya kisasa yamepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda mtambo wa kusafisha moshi, ambao gari la 1965 halinao, ilhali kamshafti ya zamani, inayosugua uso kwa uso na tapeti zake, huhitaji kinga hiyo hiyo iliyopunguzwa. Mwenye gari akitia mafuta bila kusoma kopo, huweza kuimaliza kamshafti njema.

Tulipokaa kula mchana, wali na maharage alivyovileta kutoka kwake, mazungumzo yakafika kwa gari la 1963. Mwaka ule, na mwaka ule peke yake, dirisha la nyuma la Corvette yenye paa lilikatwa sehemu mbili kwa uti uliopita katikati, kwa amri ya Bill Mitchell, aliyemrithi Harley Earl, na kinyume cha rai ya Duntov, aliyelalamika kwamba uti ule unamzuia dereva kuona nyuma. Mwaka 1964 uti ukaondolewa. Basi wakatokea wenye magari ya 1963, wakitaka yao yaonekane mapya, wakaukata uti na kutia kioo kizima cha mwaka uliofuata. Yaliundwa 10,594 tu ya namna ile, na leo uti ule hutafutwa kwa fedha nyingi. Siwalaumu kwa kutojua bei ya kesho, kwani hapana aijuaye. Nawalaumu kwa kulikata gari ili lifanane na jingine.

Lakini iko hatari iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni kutengeneza mno. Bodi ya Sting Ray imeunganishwa kwa vipande vilivyogandishwa kwa gundi, na chini ya rangi ya kiwandani, jua likipiga kwa upande, viungo vile huonekana kama mistari hafifu juu ya mabawa yake. Mafundi wengi huviziba, wakavipiga msasa mpaka uso wote ukawa kioo kitupu, na gari likatoka gerejini laini kuliko lilivyotoka St. Louis. Kiko chama cha watengenezaji wa Corvette za zamani, kilichoundwa 1974, ambacho waamuzi wake huyakagua magari ili kujua yalivyo karibu na hali ya siku yalipotoka kiwandani; hutazama mpaka nambari zilizopigwa mbele ya silinda za kulia na alama za chaki zilizoachwa na wafanyakazi, na mbele yao ulaini uliopita kiasi ni kasoro. Watu wengine huuona ukali huo kuwa upuuzi wa wenye mali. Mimi nauona kuwa insafu, kwa maana mstari ule hafifu juu ya bawa ni kazi ya mkono wa mtu, kadhalika na saini zile za 1992.

Alasiri mwenye gari alikuja. Alikuwa ameleta kipande cha rangi nyekundu alichokichagua, na fundi, kwa Kiingereza chake cha taratibu, alimwambia kwamba hatalipaka rangi gari lile, wala hatampa mtu mwingine wa gereji ile alipake, mpaka kioo cha mbele kitolewe na nguzo itengenezwe, kwa sababu rangi mpya juu ya nguzo iliyooza itapasuka mara kioo kitakapotolewa, nacho lazima kitolewe siku moja. Mzee yule alinyamaza. Ghadhabu ilimpanda usoni ikashuka. Fundi hakuongeza neno, alimpa tochi na kile kioo chenye mpini, akamwonyesha mahali pa kupiga goti.

Alichungulia kwa muda, akaomba bisibisi, akakwaruza mwenyewe, akatazama kilichodondoka. Aliposimama aliuliza bei ya kuchomelea, kisha akauliza kama rangi ya fedha iliyopo ndiyo ile ya kiwandani. Fundi akamwonyesha mistari ya viungo juu ya bawa la nyuma, akasema kwa maoni yake ni ile ile. Wakazungumza bei kwa muda mrefu, bila haraka wala kinyongo, na ile rangi nyekundu ikarudi mfukoni. Fundi akaichukua karatasi ya kazi iliyoning'inizwa mlangoni, akalifuta lile agizo la kwanza kwa mstari mmoja wa kalamu, na chini yake akaandika: kioo cha mbele, nguzo ya kushoto, kalipa nne, beringi za nyuma.